Mbegu Sita za Bibi

Sogea karibu, wewe unayesoma biashara na ambaye ukisikia neno "uwezekano" unatafuta mlango. Kaa. Sitakurushia sarafu, sitakuletea dadu, wala sitakuuliza kuna wafalme wangapi katika pakiti ya karata. Nayajua mateso hayo. Mimi nilikulia katika nyumba ya kanisa huku Bariadi, ambamo karata zilihesabiwa kuwa ndugu wa pombe. Siku ya kwanza mhadhiri wetu wa chuo cha biashara aliposema, "Chukua karata moja, je, uwezekano wa kupata mfalme ni upi?" wenzangu waliinamia madaftari wakapiga hesabu. Mimi nilibaki kushangaa kwamba wafalme wapo wanne na hawapigani vita.

Nilianguka katika somo hilo. Nikarudi nyumbani likizo na barua ya mtihani wa marudio mfukoni, na nikaamua kwenda kujificha kwa bibi yangu mzaa baba, upande wa Dutwa, ambako hakuna mtu angeniuliza matokeo.

Nilijidanganya. Bibi aliniuliza kabla sijateremsha begi.

"Mwangaluka, mume wangu," alinisalimu kwa Kisukuma, kwa maana kwetu bibi humwita mjukuu wake mume na humsumbua kwa haki zote za mke. "Umefaulu?"

"Mwangaluka, mayo," niliitikia, yaani mama. "Somo moja limebaki."

"Limebaki wapi?"

"Linanisubiri."

"Basi ni somo lenye subira. Ingekuwa mimi ningekwishaolewa kwingine." Akanipa kata ya maji na bakuli la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, akakaa mbele yangu. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba la pamba, ekari mbili zinazopakana na barabara, lilikuwa limebaki mikononi mwa bibi. Mdogo wake babu, ambaye bibi alimwita shemeji na mimi nilimwita babu mdogo, alikuwa amekwishatamka mbele ya watu kwamba shamba ni kubwa mno kwa mwanamke mmoja. Hakusema atamnyang'anya. Alisema kwa upole, kama mtu anayesaidia kubeba mzigo: sehemu yoyote itakayomshinda kupanda msimu huu, yeye ataichukua alishe ng'ombe wake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kwa hiyo bibi alikuwa na msimu mmoja wa kuonyesha kwamba ekari zote mbili hazijamshinda.

Nguvu kazi alikuwa nayo. Alikwenda kwa nsumba ntale, mkuu wa vijana wa kijiji, akaomba kikundi chao cha kulima kwa ngoma kije siku moja. Kikapanga kuja baada ya siku kumi na mbili. Siku hiyo hiyo tu, kwa sababu zamu za wengine zilikuwa zimejaa, na mvua haimsubiri mtu. Kondoo wa kuwachinjia alikuwepo, amefungwa nyuma ya ghala, ananenepa bila kujua anapangiwa nini.

Kilichopungua ni mbegu.

Zamani za ushirika mbegu zilitoka kwenye kinu cha kuchambulia pamba, aina moja kwa eneo zima, na mtu alichukua alizohitaji. Mwaka ule soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na malori ya kila rangi, wakanunua pamba ya kila bonde, wakaichambua pamoja, kisha mbegu zikarudi kwetu kwenye magunia yasiyo na alama. Wakala wao alimpa kila mkulima gunia moja tu. Bibi alimuuliza kama zitaota.

"Mayo, mbegu ni mbegu," wakala alijibu, akaandika jina la anayefuata.

Sasa bibi, tangu aolewe, alikuwa akipanda mbegu sita katika kila shimo, kama alivyofundishwa na mama yake. Si tano, si saba. Alizigawa hivi: moja ya kware, moja ya panya, moja ya mchwa, moja ya jua kali, na mbili zake mwenyewe. Kwa mbegu sita, gunia lile lingetosha nusu ya shamba tu. Nusu ya pili ilikuwa imekwishaanza kunukia ng'ombe wa shemeji.

Hapo ndipo mwanachuo nilipoamka. Hesabu iliyonishinda darasani ghafla ilikuwa na shamba ndani yake.

"Bibi," nilisema, "panda mbegu tatu kila shimo. Shamba lote litaenea."

"Na shimo lisipoota?"

"Ngoja nikuonyeshe." Nikachora mchangani kwa kijiti. "Tuseme katika mbegu kumi, tisa zinaota na moja haioti. Ukitia mbegu moja, shimo moja katika kumi litakuwa tupu. Ukitia mbili, lazima zote mbili zigome ndipo shimo liwe tupu. Moja katika kumi, mara moja katika kumi: hilo ni shimo moja katika mia. Ukitia tatu, shimo moja katika elfu."

Bibi aliangalia mchanga, akaniangalia mimi.

"Nani kakwambia tisa katika kumi?"

Kitabuni tisa katika kumi huwa imekwishaandikwa, wewe unaanzia hapo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nje ya kitabu hiyo tisa lazima uitafute mwenyewe.

"Tuzijaribu," nikasema. "Nipe mbegu kumi tuzifunge kwenye kitambaa kibichi. Siku ya tano tutahesabu zilizoota."

Bibi alizileta mwenyewe kwenye kiganja. Tukazifunga kwenye kipande cha khanga kilichochakaa, tukakiloweka, tukakiweka kivulini ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kila asubuhi alinyunyizia maji akisema, "Mume wangu anaatamia mayai." Siku ya tano tukafungua. Mbegu tisa zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, minene kama ncha ya kiberiti.

Unaweza kufikiri furaha yangu. Tisa katika kumi, vilevile kama nilivyotabiri! Nilitembea uani kama mtu aliyepewa cheti. Bibi akatuma ujumbe kwa nsumba ntale kwamba vijana waje na majembe ya shamba lote.

Jioni ile nilikwenda ghalani kuchukua mbegu nimwonyeshe jirani. Niliingiza mkono katika gunia, nikatoa gao, nikaangalia. Nikatoa jingine. Nilichokiona kiganjani hakikufanana hata kidogo na zile kumi za bibi. Nyingine zilikuwa nyepesi kama makapi, nyingine zimetobolewa, nyingine ndogo kama punje za uwele, na chache nene na nzito.

"Bibi, zile kumi ulizonipa ulizitoa wapi?"

"Kwenye gunia."

"Ulizitoa vipi?"

"Nilizichagua." Alisema kwa kiburi kidogo. "Nilikaa nazo mchana mzima. Ulisema zinakwenda kwenye jaribio. Nani anampeleka mtoto mgonjwa kwenye usaili? Nikakutafutia zilizo bora, usije ukaniaibisha na elimu yako."

Usicheke sana. Kwetu kitu kinachokwenda kutazamwa na watu huoshwa kwanza. Mgeni hukalishwa kwenye kiti kizima, na mchumba huja amevaa viatu. Bibi alikuwa ametenda adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoharibu hesabu. Na mimi msomi sikumuuliza lolote, kwa sababu jibu lilikuwa limenipendeza.

"Babu alipokuja kukuposa, alikujaje?" nilimuuliza.

"Kwa baiskeli. Inang'aa! Ina kengele mbili."

"Ilikuwa ya kwake?"

Akaanza kucheka kabla sijamaliza. "Ya mwalimu wa dini. Aliiazima. Nami nilimpima kwa ile baiskeli, nikaja kuolewa na miguu yake."

"Basi na hizi mbegu kumi ni baiskeli ya kuazima. Zinatuambia habari za mbegu nzuri. Lakini hutapanda mbegu nzuri peke yake, utapanda gunia."

Tulikuwa na siku saba mkononi, na jaribio linakula tano. Asubuhi yake tulitandika mkeka, tukalimwaga gunia lote, tukalikoroga kwa mikono juu chini, kwa sababu gunia huwa na desturi ya kuficha mambo chini. Kisha nikamfunga bibi macho kwa kitambaa chake mwenyewe. Alilalamika kwamba tangu harusi yake hajafunikwa uso. Akaokota mbegu moja hapa, moja pale, mpaka zikatimia ishirini.

"Mbona ishirini sasa?"

"Kumi ni watu wachache kuulizwa habari za kijiji kizima. Ishirini nao si wengi, lakini wanadanganya kidogo kuliko kumi."

Mara mbili nilimkamata anapapasa kutafuta zilizo nene. "Bibi!" "Vidole vimezoea," alisema, akazirudisha.

Tukazifunga, tukaloweka, tukangoja. Zile siku tano zilikuwa ndefu kuliko zile za kwanza. Shemeji alipita siku ya tatu na fimbo yake ya kuchungia, akasimama barabarani akiliangalia shamba kwa jicho la mtu anayekadiria urefu wa majani. "Shemeji," alimwambia bibi, "nimesikia mjukuu anapanda pamba kwenye sufuria." "Karibu uonje ikiiva," bibi alijibu. Lakini alipoondoka, bibi alikwenda kuichungulia ile sufuria.

Alasiri ya kuamkia siku ya ngoma tukafungua kitambaa. Nikahesabu mara mbili, bibi akahesabu mara ya tatu kwa Kisukuma kana kwamba lugha ingesaidia. Zilikuwa zimeota kumi. Kumi katika ishirini, yaani nusu.

Bibi alikaa chini. "Basi ni sita," alisema. "Nipande nusu shamba, lakini lisimame vizuri. Ile nyingine aichukue."

Sikupenda kumsikia akisema hivyo. Nikafuta mchanga, nikaanza upya.

"Tusikimbilie kulia. Kila mbegu sasa ni nusu kwa nusu: ama iote, ama igome. Ukitia tatu, shimo litakuwa tupu zikigoma zote tatu. Nusu mara nusu ni robo. Robo mara nusu ni moja katika nane. Katika kila mashimo manane, saba yana mche, moja halina. Hilo ni shamba zima likiwa na mapengo kidogo. Ukitia sita, shimo tupu ni moja katika sitini na nne. Hilo ni shamba lisilo na pengo, lakini ni nusu. Nionyeshe mdomo wako."

"Mdomo?"

"Una meno mangapi yaliyong'oka?"

"Mawili ya mbele, unayajua."

"Ungependa mdomo wote wenye mapengo mawili, au upande mmoja umejaa na upande wa pili hauna hata jino?"

Alijitahidi asicheke, akashindwa, na mapengo yote mawili yakaonekana. Hata hivyo hakukubali. Mkono uliozoea sita hauachi kwa mfano wa meno. "Na kware je? Na panya? Hesabu yako haina panya. Nikitia tatu, panya nitampa nini?"

"Zile sita, nitajie tena ni za nani."

"Moja ya kware, moja ya panya, moja ya mchwa, moja ya jua, mbili zangu."

"Panya akifika shimoni, anachukua mbegu moja?"

"Ana wazimu? Anakomba zote."

"Hachukui yake moja akakuachia tano?"

Bibi alinitazama. Akatazama gunia. Nikaona miaka yote ya kupanda sita sita inapita usoni mwake, shimo baada ya shimo.

"Mama yangu alinidanganya," alisema polepole. "Panya gani ana adabu hiyo?"

Hapa na mimi nilijifunza, maana hilo la panya sikulileta mimi. Kuzidisha nusu kwa nusu kwa nusu kunafaa pale tu ambapo kila mbegu inakufa kifo chake yenyewe: hii ilitobolewa, ile ilikuwa nyepesi, hii haihusiki na ile. Lakini panya, au maji yanayotuama, huua shimo zima kwa mkupuo. Kwa kifo cha namna hiyo, mbegu ya sita haimwokoi mwenzake hata kidogo. Wote wamelala chumba kimoja na moto umeingia chumbani. Kinachosaidia ni kuwa na vyumba vingi. Mhadhiri wetu aliliita jambo hili kutotegemeana, akaliandika ubaoni mara tatu, nami nikalinakili mara tatu bila kulielewa. Sasa nilimwambia bibi ukweli: kwa sababu ya panya, mapengo yanaweza kuzidi kidogo ile moja katika nane.

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui."

"Hapo ndipo umesema kama mwanaume," alisema, akasimama kwenda kuwasha moto. "Tatu. Ila wale wasichana wa kudondosha mbegu nitawasimamia mwenyewe, wasije wakanitilia sita kwa mazoea."

Kesho yake ngoma ililia tangu umande. Vijana walisonga kwa safu, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo, wasichana nyuma yao wakidondosha tatu, tatu, tatu. Bibi alitembea katikati ya safu na kijiti. Jua lilipofika utosini gunia lilikuwa tupu na shamba lote limepandwa, mpaka kwenye mpaka wa mbali. Kondoo akajua alichopangiwa.

Baada ya siku tisa tuliingia shambani kutazama. Bibi alianzia pembeni mwa barabara. Shimo la kwanza lilikuwa na mche, la pili halina, la tatu lina, la nne halina. Tulipofika la nane, matatu yalikuwa matupu.

"Moja katika nane!" alipiga kelele. "Nihesabie, msomi. Haya ni mangapi?"

"Endelea kuhesabu."

"Nimeshahesabu!"

"Umehesabu manane, bibi. Moja katika nane si ahadi kwamba kila mashimo manane yatakaa kwa heshima. Mengine yatakuwa na matatu, mengine hayatakuwa na hata moja. Maliza mstari."

Mstari ulikuwa na mashimo themanini. Nilitegemea matupu kama kumi. Tulipata kumi na moja, yakiwemo yale matatu ya mwanzo. La kumi na moja tulimsingizia panya.

Siku ya tatu yake shemeji akaja, na safari hii alikuja na wazee wawili. Akasimama palepale pembeni, kwenye yale mashimo manane mabaya kuliko yote, akanyoosha fimbo. "Tazameni. Matatu matupu kati ya manane. Shemeji, si vibaya. Mtu hushindwa."

Nilitaka kusema. Bibi alinishika mkono.

"Shemeji," alisema, "umeichagua mwenyewe hiyo pembe, au imekuchagua?"

"Nimesimama tu."

"Hapana, umechagua. Hata mimi nilichagua, nikapotea. Hebu fumba macho, urushe hiyo fimbo katikati ya shamba. Itakapoangukia, hesabu mashimo kumi. Ukirusha mara tatu na mapengo yakawa mengi kama hapa, lete ng'ombe wako leo leo."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Rusha, usiogope fimbo yako mwenyewe." Hakuwa na namna. Akafumba macho, akarusha. Katika mashimo kumi ya kwanza, mawili yalikuwa matupu. Akarusha tena: hapakuwa na hata moja. Mara ya tatu aliirusha kwa nguvu ya mtu mwenye nia, ikaangukia karibu na mpaka wa mbali, ile sehemu ambayo kwa mbegu sita isingepandwa kabisa. Pengo lilikuwa moja.

"Matatu katika thelathini," bibi alisema. Akanikonyeza. Aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba bahati ilikuwa imetupendelea kidogo kuliko hesabu. Hakulazimika kulitangaza hilo kwa shemeji.

Babu mdogo aliifuata fimbo yake, akaipangusa udongo. Mmoja wa wazee alisema kwamba kwa macho yake shamba limepandwa lote, na kwamba yale maneno ya kumshinda yameisha. Shemeji akaomba maziwa ya mgando. Bibi akampa kibuyu kizima na kumwambia, "Kunywa, shemeji, kuna uwezekano yakakufaa." Shemeji alicheka kweli kweli, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kuwa mtu mbaya.

Mtihani wa marudio niliufaulu. Swali la kwanza lilikuwa la karata, nami niliziona zote kama mbegu na wafalme kama zile nene. Tangu hapo nimewafundisha wengi somo hili, na kila mwaka yupo anayeniletea mbegu za kuchagua: mteja aliyeridhika, duka linalofanya vizuri, mwezi wenye mauzo.

Wewe leo fanya hivi. Nunua kilo ya maharage ya kawaida sokoni. Yamwage yote kwenye sinia, yakoroge, fumba macho, okota ishirini bila kupapasa. Yafunge kwenye kitambaa kibichi, uyaweke kivulini, uyanyunyizie maji kila asubuhi. Siku ya tano hesabu yaliyoota, uandike namba uliyoiona, hata kama haikupendezi.